Kupoza redio ya ridhaa bila makelele ya feni

Alama ya 5H1, inayotambulisha vituo vya Zanzibar, ikisikika hewani, watu wa Ulaya na Japani hupanga foleni kuijibu, maana vituo vya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana hewani kwa kujifurahisha, Zanzibar si vingi. Mwenye kituo hurusha na kusikiliza muda mrefu, na hapo feni ya redio huwa kero: sauti dhaifu iliyovuka bahari inamezwa na mngurumo wa kifeni cha sentimita 6. Wapo wanaokichomoa waya. Usifanye hivyo.

Redio ya wati 100 hula kama ampea 20 kwa volti 13.8, yaani wati 276. Mia zinakwenda kwenye antena, zilizobaki zote ni joto. Ukizungumza kwa maikrofoni kuna nafuu, kwani katikati ya maneno kuna mapumziko. Kwenye FT8, njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta, nafuu hiyo haipo: redio hurusha kwa nguvu ileile karibu sekunde 12.6 mfululizo, hunyamaza zamu moja, halafu hurudia. Na msimu wa kaskazi chumba huweza kuwa na nyuzi 32 kabla hujawasha chochote, kwa hiyo hata hewa ya kupozea ina joto lake. Ushauri wa watu wa nchi za baridi usiuchukue mzimamzima.

Dawa ni feni kubwa inayozunguka polepole. Mzunguko ukipungua nusu, hewa nayo hupungua nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Tafuta feni ya kompyuta ya sentimita 12, ya volti 12 na ampea 0.15, kisha unga rizista ya omu 47, wati 2, kwenye waya wake mwekundu. Ukiilisha volti 13.8, feni itabaki na karibu volti 9. Izime na kuiwasha mara kadhaa uone kama inaanza yenyewe, bila kusukumwa kwa kidole.

Iweke nyuma ya redio, kwenye mapezi ya kupozea, upepo wake ufuate upande uleule wa feni ya ndani. Zikipingana, joto halina pa kutokea. Usiikaze kwa skrubu kwenye mbao, kwani meza nzima itavuma; vipande vya ndala kuukuu chini yake vinatosha.

Vidhibiti mwendo vya bei rahisi, vile vinavyokatakata umeme, mimi sivipendi. Vingi huingiza mikwaruzo kwenye redio. Kuhakiki ni rahisi: weka masafa yasiyo na mtu, chomoa feni, sikiliza kama mikwaruzo imekoma.

Kwa wanaoishi karibu na pwani, adui mkubwa ni chumvi. Hushikana na vumbi kwenye mapanga, feni ikapoteza mizani na kuanza kutetemeka. Zima umeme, shika panga lisizunguke, usugue kwa brashi kavu. Beringi ikishaanza kulia, mafuta ya cherehani huituliza kwa muda mfupi tu. Nunua feni nyingine.