Ijumaa, Jumamosi, Jumapili: swali la "nani aliibadili siku" limekaa vibaya

Panapofanyika mhadhara wa dini Arusha, uwe wa Waislamu au wa Wakristo, kuna swali lisilokosa kujitokeza: nani aliibadili siku ya Mungu kutoka Jumamosi kuwa Jumapili? Swali hilohilo hutufikia idarani, mara kwa simu, mara kutoka kwa wanafunzi waliobishana bwenini hadi usiku wa manane. Na muulizaji huwa amekuja na mtuhumiwa wake. Kwa mmoja ni Konstantino, mfalme wa Roma, kwa mwingine ni papa. Jibu langu huwakera wengi: swali linachanganya mambo matatu ambayo kila moja lina chanzo chake, yaani siku ya kupumzika, siku ya kukusanyika kwa ibada, na sikukuu ya mwaka.

Tuanze na Sabato, maana ndiyo kongwe. Torati inaiamuru mara mbili, na kila mara inatoa sababu tofauti. Katika Kutoka sura ya 20, sababu ni uumbaji: siku sita za kazi, ya saba pumziko. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, sababu ni utumwa wa Misri: wewe uliyewahi kuwa mtumwa, mwache mtumwa wako, ng'ombe wako na punda wako wapumzike nao. Kiini chake basi ni kuacha kazi. Ibada ya sinagogi imeambatana na siku hiyo, lakini amri yenyewe inazungumzia shughuli za mikono. Tena siku hiyo huanza Ijumaa jua linapotua, kwa kuwa kwa Wayahudi jioni ndiyo inayofungua siku. Waislamu nao huhesabu hivyo. Ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa kwao ni wa Ijumaa tayari.

Wapo pia Wakristo wanaoishika Jumamosi, na huku kwetu ni majirani wa siku zote. Kanisa la Waadventista Wasabato liliundwa rasmi Marekani mwaka 1863, na wamisionari wake kutoka Ujerumani wakafika milima ya Pare mwaka 1903. Leo lina hata chuo kikuu chake Usa River. Hoja yao ni nyepesi kuieleza na ngumu kuipuuza: amri ya nne inataja siku ya saba, basi aliyeiondoa atuonyeshe andiko.

Andiko la kuiondoa halipo. Kilichopo ni desturi iliyokua polepole. Wafuasi wa kwanza wa Yesu walikuwa Wayahudi, wakaendelea kwenda sinagogi siku ya Sabato. Sambamba na hilo walianza kukutana siku ya kwanza ya juma, siku ambayo Injili zinasema kaburi lilikutwa tupu. Matendo 20:7 inawataja wamekusanyika siku hiyo kumega mkate. Kufikia miaka ya 150 hivi, Justin, msomi Mkristo aliyeishi Roma, aliandika waziwazi jinsi walivyokutana siku ya jua: kusoma maandiko, mahubiri, mkate na divai, kisha mchango wa yatima na wajane. Baada ya hapo watu walikwenda kazini, kwa sababu katika dola ya Kirumi Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine.

Konstantino anaingia mwaka 321. Sheria yake iliwataka mahakimu, wakazi wa mijini na mafundi wapumzike Jumapili, ila wakulima waliruhusiwa kuendelea ili wasipitwe na majira ya kupanda. Mkulima wa kahawa wa Kibosho angekuwa shambani bila kuvunja sheria. Kwa hiyo Konstantino aliikuta ibada ya Jumapili imeshatimiza zaidi ya karne moja na nusu. Alichoongeza ni mapumziko. Lakini tusimsafishe kila mtu. Miaka ya 360 hivi, sinodi ya Laodikia, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, iliwakataza Wakristo kupumzika Jumamosi, na katazo kama hilo ni ushahidi kwamba wengi walikuwa bado wanapumzika. Ethiopia mambo ni tofauti: Kanisa lao la Orthodoksi linaziheshimu siku zote mbili hadi leo. Kwa maoni yangu, ndugu zetu Wasabato wana hoja ya kweli kuhusu kilichofifia. Wanakosea pale tu wanapotafuta mtu mmoja wa kumtia hatiani.

Ijumaa ya Waislamu ina mantiki nyingine kabisa, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani ni "Sabato ya Kiislamu". Sivyo. Sura ya 62 ya Qur'ani, aya ya 9, inawaamuru waumini waache biashara inaponadiwa swala ya Ijumaa. Aya ya 10 inasema swala ikiisha watawanyike wakatafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Muuza vitambaa wa Arusha anayefunga duka kabla ya adhuhuri na kulifungua hotuba na swala zikiisha anatekeleza aya hizo kwa mfuatano wake. Isitoshe, Sura ya 50, aya ya 38, inasema mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita bila uchovu wowote kumgusa Muumba, na wanazuoni wameisoma kama jibu kwa wazo la Mungu kupumzika. Yaani hapa mkusanyiko ndio msingi, na mapumziko hayahitajiki.

Sikukuu za mwaka zinatengana kwa sababu ya kalenda. Wayahudi hufuata mwezi na jua kwa pamoja: katika kila miaka 19, miaka 7 huongezwa mwezi wa kumi na tatu ili Pasaka yao isitoke kwenye majira ya machipuko. Qur'ani (9:37) ilikataza kuchezea miezi kwa namna ya kuiahirisha, kwa hiyo mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Wakristo wanatumia jua kwa Krismasi, lakini Pasaka wanaipata kwa kuangalia mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa majedwali ya kanisa. Waorthodoksi wanapiga hesabu hiyo kwa kalenda ya zamani ya Juliasi, ndiyo sababu mwaka 2024 Pasaka yao ilikuwa Mei 5 wakati Wakatoliki na Walutheri walishaila Machi 31. Mwaka 2025 wote walikutana Aprili 20. Na wala si dini mbalimbali tu: mwaka fulani jirani wawili wa Ngarenaro, wote Waislamu, huswali Idi siku mbili tofauti, mmoja akifuata mwandamo unaotangazwa na BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), mwingine akiridhika na mwezi ulioonekana nchi nyingine.

Undugu wa dini hizi huonekana vizuri zaidi ukiacha tarehe na kutazama kinachosomwa. Kisa cha Ibrahimu na mwana aliyetaka kumtoa sadaka Wayahudi hukisoma katika mwaka mpya wao, Wakatoliki katika mkesha wa Pasaka, na Waislamu hukikumbuka kwenye Idi ya kuchinja. Ashura nayo: kwa mujibu wa hadithi, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwakuta Wayahudi wa Madina wamefunga kumkumbuka Musa, naye akafunga na kuwaamuru Waislamu wafunge. Ramadhani ilipofaradhishwa mwaka wa pili wa Hijra, funga ya Ashura ikabaki sunna, si lazima.

Kalenda hizi hugongana pia. Aprili 15, 2022 ilikuwa Ijumaa Kuu, jioni yake Wayahudi walianza Pasaka, na Waislamu walikuwa katikati ya Ramadhani. Wanaopenda kupanga mapema waandike na mwaka 2030: Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Desemba. Wanaokwenda Moshi kula Krismasi na ukoo wenye shemeji Waislamu watakuta pilau ya tarehe 25 inaliwa na wote, lakini kesho yake au keshokutwa viporo vitangoja futari.