Mstafeli, magome na saratani: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Ujumbe wa WhatsApp unaosema mstafeli una nguvu mara 10,000 kuliko dawa za saratani za hospitali huzunguka kutoka Kyela hadi Makambako, na ukizimika huibuka tena kama mpya. Kyela ndiko unakokubalika upesi, maana mti uko uani na dawa haina bei: chuma majani, chemsha, kunywa asubuhi na jioni. Hiyo 10,000 ilitoka maabara, kwa kemikali moja iliyomwagiwa seli za saratani ndani ya kichupa. Tena ilitolewa kwenye mbegu, si majani. Sabuni ya kufulia nayo ukiimwaga humo, seli zinakufa. Kwa binadamu bado hakuna jaribio lililothibitisha kwamba mstafeli unaponya saratani. Kwenye kisiwa cha Guadeloupe, watafiti waliwakuta waliozoea kula stafeli na kunywa chai ya majani yake wana ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa usiosikia dawa za kawaida. Tunda la mara moja moja halina neno. Jagi la kila siku ni jambo jingine.

"Madaktari wanadharau miti shamba." Hili nalisikia sana, nalo ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Vinkristini, dawa inayotibu saratani ya damu kwa watoto na hutumika pia kwa saratani ya Kaposi inayowaandama wenye VVU, hutoka kwenye ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagascar, ambalo watu hulipanda kama pambo tu. Jamaica walikunywa chai yake kutibu kisukari. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada wakaipima kwa panya. Ya kunywa haikuonyesha kitu cha maana. Ya sindano ikafyeka chembe nyeupe za damu, na hapo ndipo wazo la saratani lilipozaliwa. Majani makavu kwa mamia ya kilo hutoa gramu chache tu za dawa. Vinkristini hudungwa kwenye mshipa wa damu peke yake, kwa kipimo kinachohesabiwa kwa mwili wa mgonjwa. Ikiingia kwenye uti wa mgongo kwa makosa, huua. Sasa mtu akikuchemshia ua hilo kwenye sufuria, amekupa miligramu ngapi?

Magome ya Prunus africana, mti wa misitu ya milimani kama ya Rungwe, nayo yana sifa ya kweli iliyovutwa kupita kiasi. Ulaya hutengenezwa dawa yake ya kupunguza adha ya mkojo kwa wazee wa kiume wenye tezi dume iliyovimba. Uvimbe huo si saratani. Mzee akipata nafuu ya mkojo anaona amepona, huku saratani, kama ipo, haijapimwa. Mti nao umechunwa hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995.

Cheti cha mganga ukutani? Sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 ilileta usajili, na ni jambo jema. Lakini usajili haumaanishi kwamba dawa fulani imethibitika kuponya saratani.

Halafu ile kauli ya "ukikubali kukatwa kinyama cha kupimwa, saratani inasambaa." Hii inanikera kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayomrudisha mama nyumbani na uvimbe wa ukubwa wa punje ya mahindi. Kipimo cha kinyama kusambaza saratani ni jambo la nadra mno, na bila kipimo hicho daktari hawezi kujua ni saratani gani wala dawa gani inaifaa. Wengi hufika wakati imekwishatambaa, ndipo kisu kinasingiziwa.

Kama tayari unakunywa kitu, mwambie daktari kabla ya kuanza dozi ya dawa za saratani. Ini ndilo linalovunja vinkristini, na mitishamba mingine hubadilisha kasi ya kazi hiyo. Nenda na chupa yenyewe, hata kama haina lebo.