Je, wajua? Jiji hubadilishaje mtambo wa majitaka bila kufunga choo hata kimoja

Barabara ikichakaa hufungwa na magari yakapelekwa njia nyingine, na soko likizeeka wafanyabiashara huhamishiwa kwenye uwanja wa muda. Majitaka hayana njia nyingine wala uwanja wa muda. Usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi, yanaendelea kuteremka kutoka vyooni, jikoni, hospitalini na machinjioni, na ni lazima yapokelewe mahali fulani. Basi jiji hufanyaje pale mtambo unaoyapokea unapokuwa umechoka kiasi kwamba hauna budi kuondolewa?

Mfano mzuri uko Kampala. Eneo la Bugolobi, mashariki ya katikati ya jiji, kulikuwa na mtambo wa kusafisha majitaka ulioanza kujengwa katika miaka ya 1940, enzi za utawala wa Mwingereza. Majitaka yalipita kwanza kwenye wavu wa nondo unaozuia matambara na takataka kubwa, yakaingia kwenye matangi ambamo uchafu mzito ulituama chini, kisha yakanyunyizwa juu ya vichujio vya mawe. Kichujio cha namna hii ni tangi la mviringo lililojazwa kokoto kubwa, na juu yake huzunguka mikono mirefu ya chuma yenye matundu. Ukilichukua jiwe moja kutoka ndani yake utalikuta limevikwa utando laini wa kahawia unaoteleza kama samaki aliyetoka kuvuliwa. Utando huo ndio mtambo wenyewe, kwa maana ni makazi ya bakteria na viumbe wengine wadogo ambao hula uchafu uliomo majini huku wakivuta hewa inayopita kati ya mawe.

Ni vema tuuweke moyoni ukweli huu kabla ya kwenda mbele: mtambo wa majitaka ni shamba la viumbe hai lililozungushiwa zege na chuma. Sehemu hizi mbili huzeeka kwa namna tofauti, na hubadilishwa kwa namna tofauti pia.

Tuanze na zege. Majitaka yakikaa muda mrefu bila oksijeni, bakteria wa aina moja huzalisha gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hupanda juu na kukutana na unyevu ulioganda kwenye dari la bomba au la chemba, na hapo bakteria wa aina nyingine huigeuza kuwa asidi ya salfa. Jambo hili lilifafanuliwa na watafiti wa Melbourne, Australia, katika miaka ya 1940, baada ya mabomba ya huko kuonekana yakiliwa kutoka juu, upande ambao maji hayafiki kabisa. Zege lililoshambuliwa hivyo huwa jeupe na laini kama chaki iliyolowa, hata ukucha unaweza kulikwangua, na baadaye nondo zilizomo ndani hubaki wazi zikila kutu. Pampu na mota huchakaa mapema zaidi, lakini hizo hufunguliwa na kuwekwa nyingine. Ukuta wa tangi haufunguliwi.

Hata hivyo, uchakavu peke yake hautoshi kueleza kwa nini Kampala iliamua kujenga upya badala ya kukarabati. Sababu nzito zaidi iko kule maji yanakokwenda. Maji yaliyotoka Bugolobi yaliingia kwenye mfereji wa Nakivubo, ambao hupita katikati ya jiji na kuishia kwenye kinamasi cha Nakivubo, kisha ghuba ya ndani ya Murchison katika Ziwa Victoria. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye ghuba hiyo hiyo, ziko bomba za Ggaba zinazovuta maji ya kunywa ya jiji. Kwa miongo mingi mafunjo ya kinamasi yaliyachuja maji hayo bure, lakini sehemu kubwa ya kinamasi imegeuzwa mashamba ya magimbi na miwa, na nyingine imejengwa. Mitambo ya kale ilibuniwa ili kupunguza uchafu unaooza, wala haikubuniwa kuondoa naitrojeni na fosforasi, virutubisho ambavyo vikifika ziwani huwa mbolea ya mwani na magugumaji. Mwani ukiongezeka, kazi ya kuyasafisha maji ya kunywa huwa ngumu na gharama ya dawa hupanda, na ndiyo moja ya sababu zilizofanya kituo kingine cha maji kijengwe Katosi, mbali na ghuba hiyo. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu Kampala watu zaidi ya milioni 1.5. Jiji la ukubwa huo haliwezi kunywa na kumwaga katika bakuli moja kwa kutumia mtambo uliopimwa kwa ajili ya mji mdogo.

Mtambo mpya, unaojulikana kama Bugolobi-Nakivubo, ulijengwa na Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda kwa fedha zilizotoka pia kwa wafadhili, wakiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika na Ujerumani. Uwezo wake ni mita za ujazo 45,000 kwa siku, yaani lita milioni 45, na gesi inayotoka kwenye tope lake hukusanywa na kufuliwa umeme.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kanuni ya kwanza ni kwamba mtambo mpya husimamishwa karibu na ule wa zamani huku huo wa zamani ungali unafanya kazi. Mahali hapo hapakuchaguliwa na wakoloni kwa bahati. Mabomba makuu ya jiji huteremka kwa mvuto kufuata bonde, nawe ukiuhamisha mtambo utalazimika kuyasukuma majitaka kupanda mlima kwa umeme, miaka yote. Yapo majiji yaliyokubali gharama ya kuhama; Arusha, kwa mfano, iliyaacha mabwawa ya Lemara yaliyokuwa yamezungukwa na makazi ikajenga mengine nje ya mji, lakini huko mabomba makuu mapya nayo yalibidi yalazwe.

Kanuni ya pili inahusu saa ya kuunganisha. Majitaka yana majira yake: hujaa asubuhi watu wanapoamka na kuoga, hupungua mchana, huongezeka tena jioni, na hufika chini kabisa kwenye saa tisa au saa kumi za usiku. Ni katika saa hizo ambapo mafundi huziba bomba kuu kwa puto nene la mpira linalojazwa upepo ndani yake, huku pampu za muda zikiyavusha majitaka yanayojikusanya nyuma ya kizibo, ili chemba mpya iunganishwe kabla jiji halijaamka. Kazi ya miaka mingi hupita katika tundu la muda wa saa nne tu. Kwa maoni yangu mafundi hawa wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa, kwa kuwa wakifanikiwa hakuna mkazi anayejua kwamba kuna lililofanyika.

Kanuni ya tatu ndiyo inayohitaji subira. Matangi mapya yakijazwa majitaka siku ya kwanza, hayasafishi karibu chochote, kwa sababu viumbe bado hawajazaliwa humo. Wahandisi hufanya kama mama anayegandisha maziwa kwa kutia kidogo ya jana: huchukua tope hai, yaani tope lililojaa bakteria walio hai, kutoka mtambo wa zamani na kulimimina kwenye mpya. Wazo hili la kutunza tope badala ya kulitupa lilithibitishwa Manchester, Uingereza, mwaka 1914, na Ardern na Lockett. Bakteria wanaokula uchafu wa kawaida huongezeka kwa siku chache, lakini wale wanaobadilisha amonia, ambayo ni naitrojeni iliyomo katika majitaka, hukua taratibu sana, hivyo huhitaji wiki kadhaa. Katika muda huo mtambo mpya hulishwa sehemu ndogo tu ya majitaka, na sampuli hupimwa kila siku. Matokeo yakiwa mazuri sehemu huongezwa, yakiwa mabaya hupunguzwa, na mzigo uliobaki bado hubebwa na mtambo mzee.

Kumbuka pia kwamba mtambo husafisha kile tu kinachoufikia. Wakazi wengi wa Kampala bado wanatumia vyoo vya shimo na mashimo ya kuhifadhia majitaka, na hao hufikiwa na gari la kunyonya majitaka, ambalo hupakua mzigo wake kituoni.

Siku ya mwisho ya kichujio cha mawe haina kelele. Mikono yake haizungushwi na mota, bali na nguvu ya maji yanayofyatuka kwenye matundu. Lango linapofungwa maji hupungua, mikono hupunguza mwendo, ikazunguka mara moja au mbili zaidi, ikasimama. Baada ya siku kadhaa za jua, utando wa mawe hukauka, ukapasuka na kubanduka vipande vipande.