Je, wajua kwa nini wapo wachezaji wa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons wanaoshikilia kanuni za mwaka 1981?

Jumamosi jioni, Isamilo, Mwanza, tumezunguka meza watu watano, na robo saa nzima hakuna aliyerusha dadu. Mbele ya wahusika wetu wamelala goblini watatu, vijitu vikali vya pangoni, na nyuma yao kuna mlango. Mmoja wetu anataka tupite kwa kunyata. Mwingine anasema waamshwe kwa salamu na wapewe mkate. Kijana aliyekuja kututembelea, aliyezoea toleo jipya la mchezo huohuo, akauliza: "Kwani si muwapige tu?"

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji hubeba mhusika wake, mtu mmoja huwa msimulizi, na jambo lenye mashaka huachiwa dadu. Wa kwanza kuchapishwa ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, Marekani, mwaka 1974. Toleo la tano lilitoka 2014, likarekebishwa 2024. Sisi tunatumia kanuni za msingi alizozihariri Tom Moldvay mwaka 1981.

Miaka mingi niliamini kwamba wanaopenda kanuni za kale wanakumbuka ujana wao, kama mzee asiyetaka kuachana na redio yake ya kaseti. Nilikosea. Mezani kwetu hakuna aliyekuwa amezaliwa mwaka 1981, na mtu hawezi kukumbuka asichowahi kukiona. Nikahamia jibu la pili: basi wanafuata wepesi. Hilo lilionekana kuwa na mashiko, maana kitabu cha Moldvay kina kurasa 64, na kitabu cha mchezaji cha 2014 kina zaidi ya 300. Lakini nilipokisoma nikakuta kinga ya mwili inahesabiwa kinyumenyume, namba ndogo ndiyo kinga kubwa: asiye na deraya, yaani vazi la vita, ana 9, aliyevaa deraya ya chuma na ngao ana 2. Matoleo mengine ya miaka ile yana majedwali ya kila silaha dhidi ya kila aina ya deraya. Huo si wepesi, na bado wapo wanaoyachagua. Ilinibidi niache kuwatazama watu na umri wao, nitazame kanuni zenyewe zinamlipa mchezaji kwa kazi gani.

Hapo ndipo penye jibu. Mhusika hupanda ngazi kwa kukusanya pointi za uzoefu. Katika kanuni za 1981, mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya pili. Goblini mmoja ana thamani ya pointi 5. Akiwategemea goblini peke yao, atapaswa kuwashinda 400. Ila kila sarafu ya dhahabu anayoitoa pangoni salama inampa pointi 1. Sarafu 2,000 zinamfikisha palepale bila tone la damu. Na mpiganaji huyo kwa kawaida anaanza na pointi za uhai zisizozidi 8, huku pigo moja likiweza kumtoa 6. Zikifika sifuri, amekufa.

Sasa weka pembeni yake kanuni za 2014. Goblini mmoja ana pointi 50, ngazi ya pili inataka 300. Goblini sita tu. Ukiishiwa uhai unazimia, na dadu bado zinaweza kukurudisha. Huku vita ni mshahara, kule vita ni gharama.

Mfikirie dereva wa daladala anayetoka Buhongwa kwenda mjini. Tajiri anataka hesabu yake kila jioni, na kinachozidi ni cha dereva na konda. Dereva huyo atakimbiza gari, atagombania abiria kituoni, atajaza mpaka mlangoni. Ukimwajiri dereva yuleyule, gari lilelile, kwa mshahara wa mwezi, utamwona anasimama kumsubiri bibi mwenye mzigo wa dagaa. Hakuna aliyemfundisha adabu mpya. Ndivyo ilivyo mezani: kitabu cha 1981 hakihitaji kukuamuru uwe mwangalifu au uzungumze na adui. Kinakulipa kwa dhahabu, na uangalifu unakuja wenyewe.

Muda nao una bei. Mwenge mmoja hudumu zamu sita za dakika kumi, yaani saa moja. Kila baada ya zamu mbili msimulizi hurusha dadu, na ikitoka 1, viumbe wanaozurura wanatokea, na mara nyingi hawana dhahabu ya maana. Aliyekulia Igombe au Kayenze hahitaji kuelezwa zaidi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza wakitegemea taa, na kila saa ya mwanga iliyopotea mahali pasipo na dagaa hairudi.

Isichukuliwe kwamba malipo yanaeleza kila kitu. Wapo wasimulizi wa toleo la tano wanaopandisha ngazi kwa hatua za hadithi, na kwao hesabu ya goblini sita haina kazi. Mpenda vita naye atapigana chini ya kanuni yoyote, na hakosei.

Wengine hawarudi nyuma, wanahamia mchezo mwingine kabisa. Call of Cthulhu, nayo ya 1981, haina ngazi. Ujuzi wa mhusika hupimwa kwa asilimia. Ukiutumia ukafaulu unauwekea alama, kisha baadaye unarusha dadu. Ukipata namba iliyo juu ya ujuzi wako, unaongezeka. Kwa hiyo asiyejua hujifunza haraka, na bingwa husonga polepole. Sijaona kanuni ya mchezo iliyo karibu na maisha kuliko hiyo.

Wale goblini tuliwaamsha kwa salamu, mkate mkononi. Kitabu kinaelekeza msimulizi arushe dadu mbili kupima mapokeo: 2 wanashambulia papo hapo, 12 wanakuwa marafiki. Ikatoka 9, maana yake wako tayari kusikiliza. Wakala mkate, wakatupisha mlangoni. Mwenge wetu ulikuwa umebakiza zamu mbili, na mgeni wetu ndiye aliyeomba kuubeba.