Kabla Paneli za Sola Hazijapanda Juu ya Banda la Ng'ombe

Ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku, na mara zote mbili jua halina nguvu. Saa kumi na mbili asubuhi bado liko nyuma ya vilima, na jioni ukimaliza kukamua limekwisha kuinama. Hapo ndipo wafugaji wengi wa Rungwe, Mufindi na Njombe, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, wanapokwama. Wanakuja ofisini kwetu kuuliza banda lao linahitaji paneli ngapi za sola, nasi tunawauliza kwanza: maziwa ya jioni ni lita ngapi, na yanalala wapi?

Wengine hujibu, "Mtaalamu, huku kwetu ni baridi, maziwa hayaharibiki." Naelewa imani hiyo ilikotoka. Mwezi Julai kule Makete mtu anaamka akakuta umande umeganda juu ya majani. Lakini maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Ukiyaweka kwenye dumu la plastiki la lita 20 kwenye kona ya jiko, hewa ya baridi huyapoza polepole mno. Katikati ya dumu hubaki vuguvugu kwa saa kadhaa, na katika uvuguvugu huo bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Asubuhi, kituoni, mpokeaji anachanganya maziwa kidogo na spiriti, yanaganda vipunjepunje, na dumu zima linakataliwa. Nimesimama kwenye foleni hizo mara nyingi. Inauma kumwona mama aliyetembea tangu alfajiri akigeuka na dumu lake kichwani.

Kwa hiyo tuanze na hesabu ya maziwa ya jioni. Chukua kikundi chenye lita 100. Kuyashusha kutoka nyuzi 37 hadi nyuzi 4 ni kuondoa joto la kama yuniti 3.7, yuniti zile zile unazonunua kwa LUKU. Mashine nzuri ya kupozea haitumii umeme wote huo, kwa sababu kazi yake ni kuhamisha joto tu. Itakula yuniti moja na nusu hadi mbili. Paneli za kilowati moja, kwenye nyanda zetu, hutoa yuniti 4 hadi 5 siku ya jua zuri. Ukiishia hapo utasema kilowati moja inatosha na chenji inabaki. Sasa weka mwezi wa tatu Tukuyu, mvua ya siku nzima na wingu limekaa juu ya migomba. Siku kama hiyo paneli hutoa robo ya kawaida yake, pengine chini ya hapo, na ng'ombe anakamuliwa vilevile. Piga hesabu kwa siku hiyo mbaya.

Umeme wa mchana utautunzaje hadi jioni? Mafundi wengi watakutajia betri, na betri ina nafasi yake: taa, simu, feni ndogo. Lakini kwa kupoza maziwa, mimi nashauri barafu. Kilo 40 hivi za barafu zikiyeyuka hunyonya joto lote la zile lita 100. Mtambo unagandisha maji kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, jua likiwa kazini, na jioni keni ya alumini inazamishwa kwenye maji ya barafu huku maziwa yakikorogwa taratibu. Betri ya asidi, ukizoea kuimaliza zaidi ya nusu ya chaji yake, huchoka baada ya miaka michache na inatakiwa kununuliwa upya. Maji hayachoki. Yakiyeyuka leo, kesho unayagandisha tena.

Kuna hatua nyingine ambayo haihitaji hata paneli moja. Maji ya chemchemi zetu ni baridi. Keni ikikaa kwanza kwenye birika la maji yanayotiririka hadi maziwa yafike nyuzi 20, umeshaondoa nusu ya joto. Nusu ya barafu, nusu ya umeme, na mtambo wa kununua unakuwa mdogo. Mfugaji akiniambia hana fedha za sola mwaka huu, namwambia ajenge birika.

Sasa paa. Watu huhofia uzito, lakini paneli kubwa ya wati 550 ina kilo 28 hivi juu ya eneo la mita za mraba 2.6, yaani kama kilo 11 kwa mita moja ya mraba. Kenchi nzuri inabeba. Cha kuogopwa ni upepo. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 47 kwa mita ya mraba, zaidi ya mara nne ya uzito wa paneli, na ukiingia chini ya paneli unainyanyua. Wakazi wa Makambako hawahitaji kuelezwa upepo ni nini. Hivyo boliti zishike kwenye papi au kenchi, kamwe zisishike bati peke yake, hasa bati jembamba la geji 30. Kabla ya fundi kupanda juu, ingia chini ya paa na kisu. Choma mbao kwenye maungio. Kisu kikizama kirahisi, mchwa au ukungu wametangulia, na mbao hizo zibadilishwe kwanza. Matundu yatobolewe kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita, na kila boliti iwe na raba yake.

Banda lililojengwa vizuri huwa limelala mashariki kwa magharibi, hivyo paa lina mbavu mbili, ya kaskazini na ya kusini. Kwetu jua hukaa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo ubavu wa kaskazini ndio wa kwanza. Lakini kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari hivi jua la mchana linapita upande wa kusini, na paa lenye mwinamo mdogo upande huo nalo linafanya kazi nzuri. Kivuli ndicho adui. Tarehe 21 Juni, jua linapofika juu kabisa (Mbeya ni karibu saa saba kasoro robo mchana), mparachichi wa mita 10 ulio kaskazini mwa banda hutupa kivuli cha mita 6 na zaidi, na asubuhi kinakuwa kirefu maradufu. Jani moja la mgomba likiifunika kona ya paneli moja, linaweza kupunguza umeme wa paneli zote zilizounganishwa nayo kwa mfululizo. Fundi aliyekuja Desemba hakukiona kivuli cha Juni. Wewe unayeishi hapo unakijua, mwambie.

Halafu kuna ile harufu inayochoma pua ukifungua banda alfajiri. Ni amonia, inatoka kwenye mkojo na samadi, inapanda pamoja na unyevu na kula boliti, klipu za nyaya na viungio. Ukiwa na hiari, funga paneli juu ya stoo ya majani au chumba cha maziwa, si juu ya ng'ombe. Kama paa la banda ndilo pekee, tumia boliti zisizoshika kutu na acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi) na betri zikae chumba kingine kabisa.

Nimeacha ethi, yaani kuunganisha mitambo na ardhi, mwisho kwa sababu hapo mimi mwenyewe nilikosea. Miaka ya nyuma nilikagua mfumo milimani juu ya Tukuyu, nikaona taa zinawaka, nikasaini. Wiki mbili baadaye mwenye banda akanipigia: ng'ombe wake mpole anarusha mateke wakati wa kukamuliwa, na maziwa hayashuki. Tukampima, hana ugonjwa wa kiwele. Ndipo nikaweka mita kati ya bomba la maji na sakafu iliyolowa, ikasoma volti 2. Sisi tuliovaa mabuti hatukuhisi chochote. Yeye alisimama kwenye maji kwa kwato nne, pua kwenye bomba. Nguzo ya shaba ikazikwa ardhini, mabomba, fremu za paneli na inveta vikaunganishwa nayo, na baada ya siku chache akatulia.

Fundi atakayekufungia awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, na kama una umeme wa TANESCO aweke swichi ya kubadilishia, ili umeme wako usirudi kwenye laini na kumuua anayeitengeneza. Siku ya makabidhiano, mwage maji sakafuni pale ng'ombe anaposimama, mpe fundi mita, apime kutoka bomba hadi sakafu mitambo yote ikiwa inafanya kazi, na namba atakayoisoma aiandike kwenye risiti kabla hujamlipa.