Oksijeni haiui mgonjwa
Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema mgonjwa akishawekewa oksijeni hospitalini harudi nyumbani. Si kweli, wengi hupona na kuruhusiwa. Watu huchanganya kwa sababu oksijeni hupewa aliyezidiwa tayari, kwa kawaida kipimo cha kidoleni cha oksijeni kwenye damu kikisoma chini ya asilimia 90, wakati mtu mzima mwenye afya husoma 95 hadi 100. Akifariki, lawama huuangukia mpira wa puani unaoleta oksijeni badala ya ugonjwa wenyewe, kama nimonia. Ulinganisho wa haki ni wa waliowekewa oksijeni na wasiowekewa wenye umri, ugonjwa na kipimo kinachokaribiana, si kumlinganisha aliyewekewa na aliyelazwa kwa kuvunjika mguu. (Oksijeni ikizidi ina madhara pia, ndiyo maana hupimwa.) Mwombe muuguzi akuonyeshe namba ya kipimo kabla na baada ya oksijeni. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo: unawafanya ndugu wakatae matibabu wakati ubongo wa mgonjwa unakosa hewa.