Je, wajua anayejifunza kuchora peke yake huchaguaje zoezi la kufuata?

Mtu anayejifunza kuchora bila mwalimu hakosi mengi kama tunavyodhani. Vitabu vipo, video za mafunzo zipo, na penseli na karatasi hazina siri yoyote. Anachokikosa hasa ni mtu wa kusimama nyuma yake na kumwambia, "Acha vivuli kwanza, rudi kwenye vipimo vya kichwa." Kwa kukosa neno hilo moja, anaweza kujikuta baada ya miezi kadhaa akichora jicho lilelile kwa ustadi unaozidi kukua, huku nyuso zake nzima zikiendelea kwenda upande. Basi pasipo mwalimu, mtu hujuaje afanye zoezi gani baada ya hili alilo nalo?

Jibu fupi ni kwamba zoezi la kufuata limo ndani ya mchoro uliokwisha kuchorwa, katika kosa linalojirudia. Ugumu ni kwamba kosa huonekana mahali pamoja na chanzo chake huwa mahali pengine, na anayetibu palipoonekana hupoteza wiki nyingi bila kujua.

Mwaka 1997 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Dale Cohen na Susan Bennett, walichunguza kwa nini watu wengi hawawezi kuchora kile wanachokiona. Walitaja vyanzo vinne vya kosa: mtu kukiona vibaya kitu anachokichora, kuchagua vibaya kipi kichorwe na kipi kiachwe, mkono kushindwa kutii, na mtu kuuona vibaya mchoro wake mwenyewe. Hitimisho lao lilikuwa kwamba chanzo kikuu ni kile cha kwanza, yaani kitu chenyewe kuonwa vibaya, na kwamba mkono, ambao karibu kila anayeanza huulaumu, una hatia ndogo sana.

Tokeo hilo linagusa moja kwa moja uchaguzi wa mazoezi, kwa sababu mtu akishachukizwa na mchoro wake hukimbilia kujaza kurasa kwa mistari iliyonyooka na miduara. Mazoezi hayo si mabaya, ila huenda yanatibu ugonjwa asiokuwa nao. Kipimo chake ni rahisi. Weka karatasi nyepesi inayopitisha mwanga juu ya picha, ufuatishe mistari mikuu ya picha hiyo kwa penseli, kisha uiondoe na kuitazama peke yake. Ikiwa umbo limetoka likitambulika na mistari yake imetulia, mkono tayari unaweza kufanya kazi unayoudai, na tatizo litafutwe kwingine. Ikiwa mistari inatetemeka na kukatikakatika hata pale ambapo njia imekwisha kuonyeshwa, hapo kurasa za mistari zinastahili muda wako.

Tuchukue kikombe cha kawaida, kilichowekwa mezani chini kidogo ya usawa wa macho. Mdomo wake ni duara, na mchoraji anajua hivyo, lakini kutoka alipoketi duara hilo limebanwa na kuwa duaradufu. Karibu kila anayeanza huichora duaradufu hiyo ikiwa wazi kuliko inavyoonekana, kwa kuwa akili hairidhiki na umbo lililofika machoni, bali hulivuta kuelekea umbo halisi inalolijua. Mwanasaikolojia wa Uingereza Robert Thouless alilionyesha jambo hili mwaka 1931 kwa kuwatazamisha watu visahani vya duara vilivyolala kimshazari mbele yao: maumbo waliyoyachora yalikaribia duara kuliko yale yaliyofika machoni mwao. Sasa tushuke kwenye kitako. Kwa sababu kitako kiko chini zaidi ya usawa wa macho kuliko mdomo, duaradufu yake inapaswa kuwa wazi zaidi, na mkunjo wake wa mbele uonekane kwa nguvu zaidi. Wengi hukimalizia kwa mstari ulionyooka, kwa hoja kwamba kikombe kimekaa juu ya meza tambarare. Kinachobaki karatasini ni kikombe ambacho mdomo wake unatazamwa kutoka juu na kitako chake kinatazamwa kutoka ubavuni. Mchoraji huhisi kuna kitu hakijakaa sawa, na kwa kuwa hajui ni kipi, huanza kutia vivuli, ambavyo vitalifunika kosa bila kuliondoa.

Katika kikombe hicho kimoja mna makosa mawili ya asili tofauti. Kosa la mdomo ni la kuona, na dawa yake ni kupima: mchoraji ananyoosha mkono, anafumba jicho moja, na kwa ncha ya penseli na kidole gumba analinganisha kimo cha duaradufu na upana wake. Kiwiko kisikunjwe hata kidogo, maana penseli ikisogea karibu na jicho kipimo chote kimeharibika. Mtu mwenye kosa hili zoezi lake la kufuata ni kupima vitu vingi vya mviringo, kila mara akikisia kwanza kwa macho matupu na ndipo apime, ili ajue anapotoka kwa kiasi gani na kwa upande gani. Kosa la kitako ni la kutojua kanuni. Huyu anahitaji kuchora kutoka kichwani mirija iliyosimama, akiipanga juu na chini ya mstari wa usawa wa macho, mpaka aone jinsi duaradufu zinavyofunguka kadiri zinavyouacha mstari huo na kufungana kabisa zinapoufikia. Na kama vipimo vyote viwili ni sahihi lakini duaradufu zina ncha pembeni kama jani, hapo ndipo tunapomkuta mtu wa tatu, mwenye tatizo la mkono kwelikweli, anayepaswa kuchora duaradufu nyingi kwa mwendo wa bega zima badala ya vidole. Wote watatu watakwambia, "Sijui kuchora kikombe," na ukiwapa zoezi moja utakuwa umemsaidia mmoja tu.

Chanzo cha nne, yaani kuuona vibaya mchoro wako mwenyewe, ndicho kinachomsumbua zaidi asiye na mwalimu. Jicho lililokesha na mchoro saa mbili huuzoea na kuusamehe. Leonardo da Vinci, aliyeishi kati ya mwaka 1452 na 1519, aliacha katika madaftari yake dawa mbili ambazo hadi leo sijaona zilizozizidi. Ya kwanza ni kutumia kioo bapa cha kujitazamia: mchoro uliogeuzwa kushoto kulia huonekana kana kwamba ni kazi ya mkono wa mtu mwingine, na makosa ya mtu mwingine tunayaona upesi. Ya pili ina faida kubwa zaidi kwa swali letu. Anayetaka kukijua kitu kwa moyo, aliandika, akichore mara nyingi mpaka adhani amekihifadhi, kisha akichore bila kukitazama. Naye awe na nakala ya kitu hicho iliyofuatishwa juu ya kioo chembamba, ailaze juu ya mchoro wake, na pale visipolingana atambue kuwa ndipo alipokosea.

Njia hiyo haihitaji mtu wa kusahihisha. Leo karatasi angavu itafanya kazi ya kioo, au simu ambayo programu yake inaruhusu picha moja kuwekwa juu ya nyingine kwa ukungu. (Anayetumia kamera aipige picha kutoka mahali pale jicho lake lilipokuwa. Kamera iliyosogezwa karibu hukuza kilicho mbele na kudogosha kilicho nyuma, nawe utajihukumu kwa makosa ambayo hukuyafanya.) Kuchora kwa kumbukumbu hufichua jambo ambalo kuchora kwa kutazama hulificha, kwani mbele ya kitu unaweza kunakili mstari bila kuelewa unatoka wapi. Jaribu baiskeli, chombo ambacho wengi wetu tumekiona maelfu ya mara: wako watu wazima wanaofunga mnyororo kwenye magurudumu yote mawili, au wanaounganisha vyuma kwa namna ambayo usukani usingeweza kugeuka. Aliyekosea hapo hahitaji zoezi la mistari wala la vivuli. Anahitaji kukaa na baiskeli na kuuliza kila chuma kinafanya nini.

Mchoro mmoja, hata hivyo, unaweza kutoa makosa kumi, na mtu hawezi kuyashughulikia yote kwa pamoja. Hapa maoni yangu ni kwamba litangulizwe lile ambalo mengine yamejengwa juu yake. Mfano wa wazi ni uso. Macho ya mtu mzima yanakaa karibu na nusu ya kimo cha kichwa, lakini wanaoanza huyapandisha juu, kwa sababu paji la uso na nywele hazivuti macho yao kama zinavyovuta pua na midomo. Macho yakishapandishwa, kope zilizochorwa kwa uangalifu wa siku nzima haziwezi kuuokoa uso huo. Tena kila kope nzuri inamfanya mchoraji aone uchungu zaidi kuifuta. Uwiano, basi, kabla ya vivuli, na vivuli vikubwa kabla ya vinyweleo. Leon Battista Alberti, msomi wa Italia aliyeandika juu ya uchoraji, alikuwa na wazo la namna hiyo mwaka 1435 alipowashauri wanaojifunza wafuate mfano wa walimu wa kuandika, ambao hufundisha herufi moja moja, kisha silabi, ndipo maneno mazima. Baadaye vyuo vya sanaa vya Ulaya vikawa na ngazi zao: mwanafunzi alinakili michoro iliyochapwa, akapanda hadi sanamu za plasta, na mwisho akaruhusiwa kumchora mtu aliye hai.

Ngazi hizo zinafaa kuwa ramani, lakini sidhani zinamfunga anayejifunza peke yake. Mwanafunzi wa chuo alishikiliwa na chuo, ilhali huyu anashikiliwa na hamu yake tu. Ndiyo maana naona ni busara kuanzia kwenye picha ambayo mtu anaitamani, hata kama imemzidi uwezo. Anayetaka kuchora paka aliyelala kitini na amchore leo, vibaya kama atakavyotoka. Mchoro utamwonyesha kama kilichovunjika ni kiti, ambacho kinadai pespektivu, yaani kanuni za kuonyesha kina na umbali juu ya karatasi bapa, au ni mwili wa paka, unaodai uzoefu wa kuona maumbo makubwa chini ya manyoya. Atalifanyia kazi lililovunjika kwa siku kadhaa kisha amrudie paka yuleyule.

Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh ni mfano unaofuatika vizuri, kwa kuwa barua alizomwandikia nduguye Theo zimehifadhiwa. Aliamua kuwa msanii mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 27, na kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe. Akiwa Cuesmes, Ubelgiji, alinakili mazoezi ya mkaa yaliyotungwa na Mfaransa Charles Bargue, ambayo yalikusudiwa hasa kumzoeza mtu kuona na kupima umbo. Baadaye alipata masomo machache kutoka kwa mchoraji Anton Mauve. Mwaka 1882, akiwa The Hague na akichora mandhari za nje, aliagiza atengenezewe fremu yenye nyuzi zilizokatizana, akawa anaisimamisha mbele yake na kulinganisha kila mstari wa mandhari na nyuzi hizo. Mtu mmoja huyo alifanya mazoezi tofauti kwa nyakati tofauti, kadiri kazi aliyoitaka ilivyomdai.

Linabaki swali la muda: zoezi lifanywe mpaka lini? Hapa hisia hudanganya. Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu mienendo mitatu ya haraka ya mkono. Kundi moja likarudia mwendo mmoja mfululizo kabla ya kuhamia mwingine, na jingine likaichanganya. Waliochanganya walifanya vibaya wakati wa mazoezi, lakini walipojaribiwa baadaye ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Ile haikuwa kazi ya kuchora, lakini inatosha kututia shaka juu ya ukurasa wa ishirini wa duaradufu zilizotoka safi, kwa kuwa mkono ulikuwa umekwisha pata moto. Ukurasa unaosema kweli ni wa kwanza wa siku nyingine. Mimi husema zoezi limeiva pale kosa lisipoonekana katika mchoro wa kwanza wa kikao, kwa vikao vitatu vilivyoachana kwa siku kadhaa. Na kabla ya hapo ni afadhali kulichanganya na jingine moja au mawili kuliko kulikazania peke yake. Ili hilo liwezekane, michoro mibaya isitupwe. Iandikwe tarehe na kuwekwa, maana bila hiyo hakuna namna ya kujua kosa lipi linajirudia na lipi lilikuwa la siku moja.

Wala zoezi lililoiva halifungwi moja kwa moja. Mwaka 1890, miaka kumi baada ya kuanza, akiwa Auvers, Ufaransa, na akiwa amekwisha kuchora kazi zinazojulikana leo dunia nzima, van Gogh alimwomba Theo ampelekee yale mazoezi ya mkaa ya Bargue, kwa sababu alitaka kuyanakili tena.